Niletee kwa Maneno

Baba ana sukari.
Daktari amemkataza kila kitamu, hata ndizi mbivu,
hata ile chai ya misibani.
Basi asubuhi ya Machi, mvua imetulia kidogo,
akaniita kitandani, akanikabidhi kisu chake cha kugemea
kilichokaa juu ya kabati tangu ugonjwa uingie.
“Wakikiona watajua umetoka kwa nani.
Anza Mtitu, pita Kidabaga, malizia Lulanzi.
Onja. Usininunulie. Niletee kwa maneno.”

Mimi ni karani wa ghala la mbolea.
Maneno yangu ni mifuko, tani, upungufu.

Honorati wa bodaboda alinisubiri barabarani.
“Mimi niliokoka mwaka juzi,” akasema,
“nitakupeleka, ila nitabaki kwenye pikipiki.”
Tukapanda vilima, udongo mwekundu ukiturukia magotini.

Mtitu, mianzi ya Kastori Ngimba imeinamiana
kama wanakwaya wanaotafuta sauti.
Alifungua mbeta, akapuliza nyuki wawili
waliokufa kwa raha zao.
“Mtogwa huu. Umetona usiku wa kuamkia leo.”
Nikanywa. Nikatoa daftari la ghala, nikaandika: mtamu.
Nikakata.
Nikaandika: baridi, una harufu ya majani yaliyolaliwa na ndama,
unapita kooni bila kubisha hodi.
Kastori alichungulia, akacheka hadi akakaa chini.

Kidabaga, Bi Leonsia Kikoti
alikitazama kisu kwanza, mimi baadaye.
“Kamwene.”
“Kamwene.”
“Mwambie bado nadai mbeta zangu tatu.”
Akanichotea wa jana kwa kata ya kibuyu.
Huu ulikuwa umeamka: juu utamu,
chini mtu anakung'ata ulimi kwa siri.
“Andika,” akaamuru, “una siku moja na hasira nusu.”
Nikaandika hivyo hivyo.
Akaleta viazi vya kuchoma na chumvi ya mawe,
akampelekea Honorati vyake kule kule kwenye pikipiki,
ambako pua yake, isiyookoka, ilikuwa imegeukia kwetu.

Lulanzi tulifika na mvua.
Ile mianzi ni ya Tulizo Chengula sasa.
Baba aliiuza mwaka nilioingia kidato cha tano;
nilijua hesabu yake, senti kwa senti,
sikuwahi kujua ladha yake.
Tulizo alikuwa kijana kuliko mimi. Akakitambua kisu.
“Mzee ndiye aliyenifundisha kukata.
Hebu mkatie leo wewe.”
Akaniinamishia chipukizi, akanishika kifundo,
nikapunguza ncha kwa unene wa ukucha.
Likatoka tone. Likafikiri. Likaanguka.
Nikanywa kata ya kwanza, ya pili;
ya tatu sikuiandika.
Daftari lilikuwa limelowa, wino umekimbia,
na hata lingekuwa kavu.

Usiku nilikaa pembeni ya kitanda nikasoma.
Baba alifumba macho. Ulimi ulikuwa unatembea mdomoni.
Kwa Kastori akasema, “Amehamisha mbeta upande wa kivuli.”
Kwa Leonsia akasema, “Mbili. Si tatu.”
Nikanyamaza.
“Na Lulanzi?”
“Lulanzi sikupata neno, Baba.”
Alimeza mate. Nikalisikia koo lake likipiga,
kama ndoo inapogusa maji chini kabisa.
“Sawa,” akasema. “Huo ndio wenyewe.”
Akaomba chai yake isiyo na kitu,
na kisu chake, akakiweka chini ya mto.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga
kutoka kizingitini hadi kitandani,
wakizunguka mpini, wakiuliza.
Kwenye ubapa hawakupata kitu:
ulikuwa safi, unang'aa, kama umepigwa msasa.
Baba alikuwa ameugeukia ukuta, amelala
au anajifanya amelala.
Nikawafagia taratibu, nikafunga mlango.